Mkebe Mmoja Kila Nusu Saa

Mourine Nakhumicha alipata alama kumi na tisa kwa mia katika hesabu akiwa ameketi kwenye kiti cha mtoto wa chekechea, magoti yakikaribia kidevu. Ilikuwa Jumamosi ya mwisho ya Agosti, mjini Ruiru, katika darasa ambalo siku za wiki ni la watoto wa miaka minne, na Jumamosi ni la watu wazima wanaorudia mtihani wa kidato cha nne. Ukutani kulikuwa na picha ya bata na nambari kutoka moja hadi kumi. Mwalimu Kitonga, aliyewafundisha hesabu, alipita akiweka karatasi za majaribio juu ya vile vijimeza, zote zikiwa zimelazwa kifudifudi, kwa sababu ni mtu mstaarabu na alijua kwamba wanafunzi wake ni baba na mama za watu.

Mourine aliinua pembe ya karatasi, akachungulia, akairudisha chini haraka kana kwamba imemuuma.

Kilichomchoma zaidi ni kwamba alikuwa amesoma. Mtu asiyesoma akipata kumi na tisa hana la kulalamika, anajikuna kichwa na kwenda zake. Lakini Mourine, tangu mwezi wa Machi, kila akitoka shifti ya asubuhi kiwandani Thika, saa kumi jioni ilimkuta mezani nyumbani kwake Mwihoko, kitabu wazi, kalamu za rangi tatu zimepangwa. Nyekundu ya kanuni, kijani ya mifano, buluu ya mengineyo. Kijitabu cha mitihani ya miaka iliyopita, kile chenye majibu kurasa za nyuma, alikuwa amekisoma kutoka jalada hadi jalada mara nne. Kulikuwa na kurasa alizoweza kukutajia akiwa amefumba macho, pamoja na doa la chai lililokuwa pembeni. Sasa mtu wa namna hiyo anapataje kumi na tisa?

"Mama, usikate tamaa," Mwalimu Kitonga alimwambia mlangoni. "Bado tuko na miezi miwili."

"Miezi miwili, mwalimu, na miezi sita imenipea kumi na tisa?"

Mwalimu alitabasamu tu, tabasamu la daktari anayekuomba urudi wiki ijayo.

Inafaa ujue kwa nini mwanamke wa miaka thelathini na miwili alikuwa akihangaikia hesabu za watoto wa shule. Mourine alikuja Thika kutoka Kimilili na cheti chenye D, na ndani ya hiyo D, hesabu ilikuwa E. Cheti cha namna hiyo hukionyeshi mtu. Alianza kazi katika kiwanda cha kupakia maharagwe mikebeni, upande wa kuoshea, ambako mikono hukaa ndani ya maji baridi tangu asubuhi hadi vidole vinakuwa vyeupe. Miaka sita aliosha. Kisha msichana wa maabara akaondoka kwenda kujifungua, hakurudi, na Githae, meneja wa ubora, akamwambia Mourine, "Shikilia hapo kidogo." Akashikilia miaka mitatu. Alijua kazi ile mpaka harufu yake. Ila Januari mwaka huo Githae alimwita ofisini, akawa anaongea huku akiitazama kalamu yake mwenyewe.

"Si mimi, Mourine. Ni makao makuu. Wanataka kila mtu wa maabara awe na karatasi. Watakulipia diploma, usome ukiwa kazini, lakini chuo kinataka C- kwa jumla na hesabu isipungue D+. Mwisho wa Januari ijayo, kama hakuna, nafasi inatangazwa. Na wewe unarudi kule."

Hakusema kule ni wapi. Mourine alitazama mikono yake.

Juu ya hayo, mtihani wenyewe ulikuwa ukielekea ukingoni, maana mtaala umebadilishwa na watoto wa sasa wanasoma mambo mengine. Kama watahiniwa wa kibinafsi wangepewa nafasi nyingine baadaye, hakuna aliyejua, ingawa kila mtu alikuwa na maoni. Mourine alijisajili, akapewa kituo, shule ya wasichana hapo Ruiru. Masomo mengine yalikuwa yakienda vizuri. Hesabu ndiyo iliyokuwa imelala katikati ya njia kama ng'ombe, haisongi wala haipitiki.

Hakumwambia mtu isipokuwa Boaz, mumewe, fundi wa kuchomelea mageti kule Murera ambako watu wanajenga kila kukicha. Kiwandani alinyamaza. Lakini kumi na tisa si kitu cha kukaa nacho peke yako. Jumatatu, saa ya chakula, alimgeukia Kaluki, mwenzake wa maabara, mama wa makamo kutoka Matuu ambaye wote wanamwita Mama Mwau.

"Mama Mwau, niko na kitu nataka kukuambia, na usicheke."

"Uko na mimba?"

"Hapana! Afadhali ingekuwa mimba."

Akamweleza yote, kisha akatoa ile karatasi iliyokunjwa mara nne, na kile kijitabu cha majibu, kama mtu anayetoa ushahidi kwamba alijitahidi. Kaluki aliishia darasa la saba. Hesabu za kidato cha nne hakuzijua hata kwa kusalimiana nazo. Alikipindua kijitabu, akapendezwa na rangi, kisha akachagua swali kwa kidole na kulifunika jibu kwa kifuniko cha mkebe wake wa chakula.

"Hii. Nifanyie."

"Hiyo naijua. Jibu ni mia mbili arobaini."

"Sijakuuliza jibu. Nifanyie nione vile inafanywa."

Mourine alishika kalamu. Akaandika 240. Akalitazama. Kati ya lile swali na ile 240 hakuwa na kitu, si mstari, si neno.

Kaluki alitafuna githeri yake polepole. "Wewe Mourine. Mkebe ukikuja hapa umeandikwa maharagwe, unaandika kwa kitabu eti ndani iko maharagwe?"

"Siwezi. Lazima nifungue."

"Kwa nini, na imeandikwa?"

"Lebo inabandikwa na mashine. Mashine itajuaje ndani iko nini?"

"Sasa si ndio hiyo? Hapa kazini unafungua mikebe, ukifika kwako unasoma lebo. Miezi sita umesoma lebo." Akasukuma kijitabu upande wake, akaendelea kula.

Kaluki alikuwa amesema kwa utani, na pengine jioni hiyo alikuwa ameshasahau. Mourine hakusahau. Maana kazi yao ilikuwa hiyo hasa. Kila nusu saa alienda kwenye laini, akanyofoa mkebe mmoja, wowote, bila kuchagua. Akaufungua, akaumwaga, akapima uzito, akaonja, akaandika: umepita, au umekataliwa na sababu. Mkebe mmoja ukikataliwa, mzigo wote wa nusu saa hiyo unawekwa kando mpaka kieleweke. Na hata iliyopita haikuaminiwa moja kwa moja. Baadhi iliwekwa katika chumba cha joto siku kumi, kwa sababu kuna mkebe unaokaa sawa leo na kuvimba wiki ijayo. Mambo haya aliyafanya kwa miaka mitatu bila mtu kumkumbusha, akarudi nyumbani kila jioni kupaka lebo rangi.

Siku hiyo alifika Mwihoko, akachukua makasi. Alikata maswali yote ya kile kijitabu, moja moja, akayatia ndani ya mkebe mtupu wa kilo tatu. Majibu akayafunga kwa uzi na kumpa Boaz.

"Nikae nayo ya nini?" Boaz aliuliza.

"Usinipe mpaka nimalize kuandika. Hata nikilia."

"Hata ukilia?"

"Hata nikilia, Boaz."

Akaingiza mkono, akatoa swali. Hakujua kama ni la pembetatu au la asilimia au la vekta. Hakukuwa na kichwa cha mada juu yake cha kumwambia leo tunashughulika na nini. Mbele yake kulikuwa na karatasi tupu na saa ya ukutani. Akajaribu. Likamshinda. Akajaribu kipande, akakwama, akaandika pale alipokwama, akaomba jibu, akaona alipokosea, akafungua daftari lililopigwa mistari kama la maabara, akaandika tarehe, swali, limekataliwa, sababu. Kisha akaingiza mkono tena.

Wiki ya kwanza alitoa maswali ishirini na nane. Ishirini na tatu yalikataliwa.

Watu wanaohubiri kuhusu kujiandaa kwa mtihani wana jambo moja hawalisemi. Kusoma kwa kurudia ni kutamu. Unapitisha macho juu ya kitu unachokifahamu, kinakufahamu pia, mnasalimiana, unalala vizuri ukijua umefanya kazi. Hii njia nyingine haina utamu wowote. Kila jioni ilimwonyesha Mourine ujinga wake kwa tarehe na sababu. Alianza kupoteza hamu ya chakula. Kazini alikuwa akipima mkebe, ghafla anakumbuka kwamba Septemba imeisha nusu. Aliona maji ya kule kuoshea akiwa amesimama maabara. Mara mbili alisoma uzito vibaya, jambo ambalo halikuwa limetokea kwa miaka, na Kaluki akamsahihisha.

"Rudia tu kusoma vile ulikuwa unasoma," Boaz alimwambia jioni moja, akiwa na ule mzigo wa majibu mkononi kama askari jela aliyechoka. "Angalau ulikuwa unacheka."

"Nilikuwa nacheka na kumi na tisa."

"Na sasa?"

"Sasa sijui. Hiyo ndiyo inaniogopesha. Sijui."

Lakini aliendelea, kwa sababu hakuwa na njia nyingine aliyoiamini. Mada iliyokataliwa aliiweka kando, akamwendea Mwalimu Kitonga Jumamosi akiwa na sababu zake zimeandikwa. Mwalimu, aliyezoea watu wazima wanaosema tu "sielewi hesabu", alishangaa kusikia mtu akimwambia, "Sielewi hapa, kuanzia mstari wa tatu." Swali lililopita aliliandikia tarehe ya siku kumi mbele, na siku hiyo ikifika analitoa tena. Mengine yalikuwa yamevimba. Aliyoyajua tarehe tatu, tarehe kumi na tatu yalikuwa yamepotea kabisa, na hapo alikuwa akikaa akilitazama swali huku machozi yamemlenga. Mengine yalikuwa yamesimama. Kufikia mwanzo wa Oktoba alikuwa akikataa nusu. Nusu si ushindi, na alijua hivyo, na hofu haikupungua hata kidogo.

Jumapili ya pili ya Oktoba kanisa lao la Mwihoko lilikuwa na maombi ya watahiniwa. Ni desturi, kila mtu anaijua: wanaokaribia kufanya mtihani wanaitwa mbele na kalamu zao, wanaziinua juu, pasta anaziombea. Mourine alikuwa mwalimu wa shule ya Jumapili. Kwa miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kumuuliza alisoma hadi wapi, naye hakuwahi kusema. Watoto wanamwita Teacha. Wazazi wao pia wanamwita Teacha. Alikaa na kalamu imefichwa ndani ya kiganja, akiwatazama wasichana na wavulana wakitembea kwenda mbele na sare zao.

Hakuamua kusimama. Alijikuta amesimama.

"Asante, Teacha Mourine," pasta alisema kwenye kipaza sauti, akifurahi. "Hebu tupangie hao watoto kwa laini."

Alifika mbele. Watoto walikuwa wamejipanga tayari. Kanisa lote lilikuwa likimtazama, likingoja afanye alichoitwa kufanya.

"Pasta," akasema, na kipaza sauti kilikuwa karibu kuliko alivyodhani, "mimi pia ni mtahiniwa."

Mourine alijutia kila kitu, pamoja na kuzaliwa. Kisha msichana mmoja kwenye ule mstari akamshika mkono na kumvuta kando yake, kama mtu anayemwekea mwenziwe nafasi kwenye foleni, na kutoka nyuma mama mmoja akapiga kigelegele, akajibiwa na wengine. Pasta akaziombea kalamu zote kwa pamoja.

Msichana huyo alikuwa Dorine, wa miaka kumi na saba, aliyefundishwa na Mourine mwenyewe mistari ya Biblia tangu akiwa hana meno ya mbele. Alikuwa akisoma kutwa kwenye ile shule ya Ruiru ambako Mourine angefanyia mtihani, na nje ya kanisa hakuacha kurukaruka.

"Teacha, mbona hukuniambia? Tungecram pamoja! Sisi kwa shule tumemaliza bukleti yote ya mitihani ya zamani. Niulize yoyote. Niulize mwaka na namba ya swali."

Mourine akauliza, kwa kumfurahisha. Dorine akajibu papo hapo, kidevu juu, hadi tarakimu ya mwisho. Akauliza lingine. Likajibiwa vilevile. Mourine aliitambua sauti ile. Ilikuwa sauti yake mwenyewe ya mwezi wa Machi.

Alikuwa na jambo la kumwambia, na lilifika hadi ulimini. Lakini Dorine alikuwa namba tano darasani kwao, na yeye alikuwa mama wa kumi na tisa kwa mia. Nani angemsikiliza? Na kama njia yake mpya nayo ingemwangusha Novemba, angemtazamaje mama wa mtoto huyu kanisani?

"Mungu akusaidie, Dorine," akasema. Akatembea hadi nyumbani akiwa hana raha, akamwambia Boaz ni jua.

Karatasi ya pili ya hesabu ilikuja siku ya Jumatatu, saa tano asubuhi, mwezi wa Novemba. Ya kwanza ilikuwa imepita kama ugonjwa, hakukumbuka kitu. Askari wa kike alimpekua langoni, akaipindua kalkuleta yake, akamwambia "Pita, mathe," kwa upole. Walikaa kwa namba za usajili, watahiniwa wa kibinafsi nyuma kabisa, na mbele yake Mourine aliona migongo zaidi ya mia ya sweta za kijani. Mikono ilikuwa baridi. Alipofungua karatasi, kwa dakika nzima herufi zilikataa kukaa mahali pamoja.

Akafanya alichozoea. Akachagua swali moja, lolote, akaanza. Kisha lingine. Yaliyomkatalia aliyawekea alama na kuyaacha, bila kugombana nayo. Saa moja ilipita hivyo, na hofu ikiwa imekaa kando yake kwenye benchi, haiondoki lakini pia haimshiki mkono.

Swali la kumi na mbili lilikuwa la mabomba, na alipoliona moyo wake uliruka kwa furaha. Hili alilijua. Lilikuwa kwenye kijitabu, bomba A linajaza tangi kwa saa tatu, bomba B kwa saa sita, na bomba C linalimaliza tangi lililojaa kwa saa nne. Mkono wake ulikuwa umeshaandika "saa 4" kabla macho hayajafika mwisho wa swali. Alama nne za bure. Aliinua kalamu kwenda kwa la kumi na tatu.

Hakuweza. Ilikuwa imekuwa tabia, na tabia haikuuliza kama ana muda. Akarudi, akalisoma upya taratibu kama hajawahi kuliona. Tarakimu zilikuwa zilezile. Ila safari hii walikuwa wameongeza sentensi moja fupi mwishoni: bomba C lilifunguliwa saa moja baada ya mengine mawili. Akaikata ile 4, akafanya upya chini yake, akapata 3. Akaitazama hiyo 3 kwa mashaka makubwa. Nne aliijua tangu Machi. Tatu alikuwa amekutana nayo sasa hivi.

Aliiacha tatu. Alitoka chumbani saa nane kasoro akiwa na maumivu ya kichwa.

Nje, chini ya mijakaranda, ilikuwa sherehe. Wasichana walikuwa wakikumbatiana.

"Hiyo ya mabomba wametuletea vile iko!"

"Wueh! Mimi sikufanya hata working, nilimwaga tu. Saa nne!"

"Saa nne!" wengine wakaitikia, kumi, kumi na watano, kwa kelele moja.

Dorine alimwona. "Teacha! Uliona? Saa nne, ama?"

Watoto wote hawa, wenye walimu wa kila siku, wenye namba tano darasani, wamepata nne. Yeye peke yake ndiye mwenye tatu, mwosha maharagwe wa Thika. Ameikata kwa mkono wake mwenyewe. Kama alilikosea swali ambalo lilikuwa la bure, je, yale mengine? Alitikisa kichwa namna ambayo haikuwa ndiyo wala la, akaenda kando na kuketi kwenye ngazi ya bwalo. Akatoa bahasha kwenye mkoba, akaigeuza, na nyuma yake tupu akaanza upya.

Saa ya kwanza, A na B pekee. A limejaza theluthi, B sudusi. Jumla nusu. Sasa C linafunguliwa. Theluthi na sudusi, toa robo: kila saa inaongezeka robo. Imebaki nusu. Saa mbili. Moja na mbili, tatu.

Bado hakuamini. Akaja kwa upande mwingine, kama anayepima mkebe kwa mizani ya pili. Katika saa tatu A limeleta tangi zima. B limeleta nusu. C limefunguliwa saa mbili, limemwaga nusu. Zima, na nusu, toa nusu.

Tangi moja limejaa kabisa.

Alikaa pale akiitazama ile bahasha. Miezi mingi alikuwa akingoja mtu mwingine amwambie kama anajua. Mwalimu, kijitabu, makao makuu. Matokeo yalipotoka Januari, C- kwa jumla na hesabu C- pia, alifurahi na kulia kama mtu yeyote, lakini hayakumpa habari mpya. Habari aliipata hapo kwenye ngazi, saa nane mchana, na kwa mara ya kwanza tangu aitwe na Githae aliweza kuvuta pumzi hadi chini.

Kisha akainua macho, akawaona wasichana. Bado walikuwa wakirukaruka. Saa nne, saa nne. Kama yeye alikuwa sahihi, basi wote wale, na Dorine kati yao, walikuwa wameandika jibu la mwaka mwingine, na Mungu ndiye aliyejua ni maswali mangapi mengine waliyajibu hivyohivyo. Alikuwa amelijua jambo hili tangu Oktoba. Alikuwa amelimeza pale nje ya kanisa kwa kuogopa kuaibika.

Dorine alikuja mbio. "Teacha, unafanya nini hapo? Ni ile ya mabomba? Ulipata nne, si ndio?"

Mourine aliikunja bahasha, akaisukuma ndani kabisa ya mkoba.

"Hiyo karatasi imeenda, Dorine. Wachana nayo. Kesho mko na gani?"

"Chemistry."

"Umesoma?"

"Yote! Bukleti nimeimaliza mara tatu. Niulize mwaka—"

"Sikuulizi mwaka."

Dorine alibaki na tabasamu lisilojua kama liondoke. Siku hiyo Mourine alikuwa amebadilishana shifti ili aingie saa tisa, na kutoka Ruiru hadi kiwandani angehitaji kuondoka dakika ile ile. Kwa miaka tisa hakuwahi kuchelewa.

"Iko wapi hiyo bukleti?"

"Hii hapa."

"Ilete. Na uwaite wenzako, wale wanataka."

Wakaja saba, wakaketi kwenye ngazi chini yake, wakimtazama kwa heshima ya mashaka. Mourine alikipokea kile kitabu cha Dorine, kilichopigwa rangi tatu kila ukurasa kwa unadhifu wa kutia huruma. Akakifunga. Akakiweka kwenye saruji, akakikalia.

"Kila mtu atoe karatasi tupu," akasema.